Kiganja cha Sekela

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa banda la gemu, Sekela alifuta padi za kuchezea. Alikuwa na kipande cha flana na chupa ndogo ya spiriti, akazifuta moja moja, kuanzia ile yenye kitufe kilicholegea hadi ile ambayo Chogo, dereva wa bajaji, aliitafuna pembeni siku timu yake ilipofungwa dakika za majeruhi. Nje, Mbeya ilikuwa bado imejitanda ukungu. Baridi ilipenya chini ya mlango, na Sekela alifanya kazi hiyo akiwa na sweta na kofia ya sufu, chai ya tangawizi ikitoa mvuke juu ya runinga ya zamani isiyotumika.

Akishamaliza padi, alijipa zawadi yake. Alikwenda ukutani nyuma, lilikokuwa kasha lake mwenyewe la kuchezea gemu. Makasha mengine yote humo bandani yalikuwa mali ya Shangazi Bupe, ingawa yote yalisajiliwa kwa mkono wa Sekela. Hili moja lilikuwa lake. Aliweka kiganja juu ya kifuniko. Kasha likapata joto kidogo, kama paka aliyeguswa mgongoni, likamtambua, na kwenye skrini ikafunguka gemu yake, Reli.

Treni za Reli zilitembea zenyewe, mchezaji awepo asiwepo. Taa za stesheni ndizo zilizohitaji mtu. Stesheni iliyokaa gizani kwa muda mrefu ilihamwa na abiria wake, nyasi zikaota katikati ya mataruma, na mwishowe hata ramani iliisahau. Kwa hiyo Sekela aliziwasha kila asubuhi, akianzia bondeni. Stesheni ya Chipsi Mayai. Stesheni ya Umeme Umekatika. Majina hayo waliyabuni wakiwa kidato cha tatu, yeye na rafiki yake Lugano, wakicheka hadi Shangazi Bupe akatishia kuwafukuza. Lugano alitandika reli. Sekela alijenga stesheni, akapanda maua, akaweka mabenchi na saa za ukutani.

Alikuwa ameinua kidole kuwasha taa ya Stesheni ya Baba Karudi, skrini ikawa nyeupe.

Makasha yote ya banda yakawaka kwa pamoja. Hakuna aliyeyagusa. Sauti ya mwanamke, laini na ya kistaarabu, ikatoka kila upande kwa wakati mmoja, kiasi kwamba Sekela aliangusha kitambaa.

"Mpendwa mteja. Kuanzia leo kampuni ya Sayora imeondoa masharti ya umiliki. Kasha lako ni lako. Unaweza kuazima, kuuza, kurithisha au kukabidhi gemu zako kwa mtu yeyote, wakati wowote. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Kisha skrini zikarudi kama zilivyokuwa. Stesheni ya Baba Karudi ilikuwa bado gizani, ikimsubiri.

Sekela alijua kwamba alipaswa kufurahi. Barabarani mtu alikuwa tayari anapiga honi mfululizo, na ng'ambo, kwenye duka la vifaa vya simu, watu walikuwa wanapiga vigelegele. Lakini vidole vyake vilikuwa baridi kuliko spiriti. Aliwasha taa iliyobaki, akazima kasha, akakaa.

*

"Usumbufu," alisema Chogo, akiingia bila hata kubisha hodi. "Umewasikia? Usumbufu. Mbu ndiye usumbufu. Hawa wametukalia vichwani."

"Habari za asubuhi, Chogo," alisema Sekela.

"Nzuri, dada. Nzuri mno. Mbaya." Alijitupa kwenye benchi na kushika kichwa kwa mikono miwili. "Langu liko wapi mimi? Nililisagisha."

Hilo mji mzima ulilijua. Wakati wa maandamano dhidi ya Sayora, Chogo alilaza kasha lake barabarani pale Kabwe, mbele ya gari la kushindilia lami, akamwomba dereva apite juu yake. Watu walishangilia sana. Video yake ilizunguka nchi nzima.

"Wangenidokeza tu kwamba wanafikiria," alisema Chogo. "Neno moja tu. Ningengoja."

"Walikuwa hawafikirii," alisema Mwalimu Ambele, aliyefundisha hesabu sekondari ya jirani na kupita bandani kila asubuhi kabla ya kipindi. Alikuwa amesimama mlangoni, koti lake likiwa na matone ya ukungu. "Wameogopa. Watu wameacha kununua, basi. Mimi simshukuru mtu aliyenikanyaga eti kwa sababu ameinua mguu."

"Mwalimu, wewe hata harusini unanuna."

"Harusini nanuna kwa sababu ya chakula chenu."

Kufikia saa nne banda lilikuwa limejaa. Walikuja hata wale waliokuwa wamesusa, na kila mmoja alikuja na lake la kusema. Kuna aliyetaka watu waende ofisi za Sayora wakacheze ngoma. Kuna aliyetaka waende hukohuko wakadai fidia. Kijana mmoja aliyeuza kasha lake kimagendo, likiwa limefungwa kama jiwe, aliuliza kama inafaa kumfuata mnunuzi alirudishe. Wakamcheka hadi akacheka mwenyewe.

Halafu likatokea jambo dogo ambalo Sekela hakulitarajia.

Kwa miaka yote ile, kasha lilimkubali tu mwenye mkono uliolisajili. Mtu mwingine aliweza kucheza ikiwa mwenyewe yupo, tena mwenyewe alitakiwa kuweka kiganja kila mara kuthibitisha hajaondoka. Kwa hiyo kazi ya Sekela bandani ilikuwa kuzunguka. Alizunguka kutwa, kutoka kasha hadi kasha, kama muuguzi anayepima homa za wodi nzima. "Dada Seke, mkono." "Dada Seke, linazima, mkono." Alikula kwa kushoto ili kulia kuwe tayari. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imekuwa ngumu na kung'aa, kama ya mtu anayetwanga.

Sasa Chogo alinyoosha mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya kasha la Shangazi. Kasha likapata joto, likafunguka.

Wachezaji waliacha padi zao.

"Limenikubali," alisema Chogo, kwa sauti ya chini. Kisha akageuka. "Dada Seke, kaa. Kaa bwana. Leo pumzika."

Wakampisha benchi. Sekela akakaa, na hakujua aweke wapi mkono wake. Aliuweka mapajani, akaufunika kwa ule mwingine.

"Nyamazeni, Lugano anaongea," mtu akasema, na kuongeza sauti ya redio kwenye simu.

Sauti ilikuwa ileile, yenye mkwaruzo kidogo, ila sasa ilikuwa imezoea vipaza sauti. Mtangazaji alimtambulisha kama mwanzilishi wa vuguvugu la Ni Langu, kijana aliyeipigisha magoti Sayora. Akamwomba asimulie tena, kwa ambao hawajasikia, yote yalianzaje.

"Yalianzia Mbeya," alisema Lugano. "Mimi na rafiki yangu tulijenga reli kwenye gemu, tangu tukiwa shule. Lakini siku tunafungua boksi, mkono wake ndio uliotangulia kugusa kasha, kwa hiyo kisheria kila kitu kilikuwa chake. Nilipopata kazi Dar, nikamwomba anikabidhi. Sheria iliruhusu kukabidhi mara moja tu maishani. Akakubali. Akaweka mkono wake kunipa, kwa moyo mweupe kabisa, na kasha likakataa. Halikusema kwa nini. Taa nyekundu, basi. Nikajiuliza, hii mashine ni nani, hata imzuie mtu kumpa rafiki yake kilicho chake?"

Vijana walimwangalia Sekela na kutabasamu. Walijivunia kwamba rafiki anayetajwa redioni ndiye anayewauzia muda wa gemu. Sekela alisema anakwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

*

Lugano alimpigia mchana, Sekela akiwa uani anaanua mapazia.

"Seke."

"Abee."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hongera, Lugano."

"Hongera zetu." Alicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha redioni. "Nakuja Jumamosi. Nimewaambia wenzangu, makabidhiano ya kwanza nchini yafanyike pale pale yalipokataliwa. Banda la Shangazi. Kasha lilelile. Tutarusha moja kwa moja watu waone. Unaweka mkono, taa ya kijani inawaka, mimi naondoka na reli yangu. Yetu. Unaelewa."

"Naelewa."

"Ile reli bado ipo? Ama nyasi zimeshaimeza?"

Sekela alishika pazia lenye unyevu kifuani. "Ipo," alisema. "Njoo."

Alipokata simu alibaki amesimama pale, jua la kichovu likijaribu kupenya ukungu juu ya mlima Loleza. Alikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Begi la Lugano lilikuwa mlangoni. Tiketi ya basi ilichomoza kwenye mfuko wa shati. Walikaa mbele ya kasha, Sekela akasema, "Sawa, chukua, ni haki yako," akasema kwa tabasamu, akaweka kiganja. Na wakati kasha linapata joto, alihisi kitu kwenye mkono wake mwenyewe, mshtuko mdogo kuanzia kwenye kiwiko, kama wa mtu anayeguswa na chuma cha baridi. Hakuuondoa mkono. Taa nyekundu ikawaka. Sauti laini ikasema, "Makabidhiano hayawezekani." Lugano alipiga ukuta ngumi. Akaitukana Sayora hadi stendi.

Wiki hiyo Sekela alisoma kurasa zote za msaada za kampuni. Aliyapitia masharti moja baada ya jingine, akitafuta lile ambalo Lugano hakulitimiza. Alikuwa ameyatimiza yote. Lilibaki moja, lililoandikwa chini kabisa, na ambalo halikumhusu mpokeaji.

Zamani, makasha yalipotoka mara ya kwanza, wahuni walikuwa wanawabana watoto vichochoroni na kuwalazimisha kuweka mikono. Ndipo Sayora ikaliongezea kasha kipimo cha ridhaa. Lilikuwa limeuzoea mkono wa mwenyewe kwa miaka: mapigo yake, jasho lake, jinsi misuli inavyotulia anapofanya anachokipenda. Mkono wa mtu anayetoa kwa kulazimishwa hautulii. Hata mdomo ukisema ndiyo, mkono unajirudi, kwa mwendo mdogo ambao jicho haliuoni. Kasha likiuona, linakataa. Kipimo hicho hakikuwa na ubaya. Ubaya wa kampuni ulikuwa kwamba taa ya makatazo yote ilikuwa moja, nyekundu, na hawakujihangaisha kumweleza mtu sababu. Na kwa kuwa makatazo yalikuwa mengi na ya kipumbavu, hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na moja la maana.

Na tangazo la asubuhi lilikuwa limeondoa masharti ya umiliki tu. Sekela alishaangalia. Kipimo cha ridhaa kilikuwepo.

*

"Mpe tu," alisema Shangazi Bupe.

Walikuwa jikoni, Shangazi akimenya viazi kwa kasi ya mtu asiyehitaji kuangalia kisu. Sekela alikuwa amemweleza yote, huku akiangalia maganda yakianguka.

"Nikiweka mkono ukakataa tena?"

"Utakubali. Wewe ulikuwa mtoto wakati ule. Sasa una akili."

Sekela alitikisa kichwa. Siku nzima alikuwa amejaribu. Kasha lilikuwa na sehemu ya kufanyia majaribio, unaweka jina la mpokeaji na kiganja, linakuonyesha kama makabidhiano yatapita. Alijaribu akiwa amesimama, amekaa, amefumba macho. Alijaribu akijiambia kwamba vitu ni vitu tu. Alijaribu akiimba kwaya ya Jumapili. Nyekundu.

"Nimwambie ukweli?" aliuliza.

Shangazi akasitisha kisu. "Ukweli upi?"

"Kwamba siku ile haikuwa kampuni. Hadithi yote anayoisema kila mahali, Shangazi. Wale watu waliandamana kwa sababu ya hadithi ile. Chogo amesagisha kasha lake kwa sababu ya mkono wangu."

"Chogo amesagisha kwa sababu Chogo hana akili." Shangazi aliokota kiazi kingine. "Nikuulize. Yule mama wa Tukuyu, aliyebaki na kasha la marehemu mwanawe, asiweze hata kulifungua amsikie sauti. Huyo naye ni mkono wako?"

"Hapana."

"Kampuni ilikosea au haikukosea?"

"Ilikosea."

"Basi. Ukisema leo, kesho watu wa Sayora watasimama kwenye runinga na kusema, mnaona, vijana hawa walianza na uongo. Nani atafaidika? Kaa kimya, mwanangu. Kimya chako kimefanya kazi nzuri."

Maneno hayo yalimwingia Sekela vibaya kuliko ambavyo yangemwingia kama Shangazi angemgombeza. Alijua Shangazi yuko sahihi kwa upande mmoja. Lakini alimfikiria Lugano, miaka yote hiyo kwenye mabasi, akilala kwenye viti vya ofisi za watu, akiugua malaria Dodoma katikati ya maandamano, bila kurudi nyumbani hata Krismasi kwa sababu mapambano hayana likizo. Alidhani anapigana na kampuni iliyomnyang'anya. Na kila alipochoka, alichokuwa nacho cha kumnyanyua ni picha ya rafiki aliyeweka mkono kwa moyo mweupe.

"Shangazi, uliwahi kumnyima mtu kitu ili asiondoke?"

Shangazi alicheka kidogo, bila furaha. "Nilimficha mjomba wako viatu."

"Akabaki?"

"Akaondoka na ndala."

*

Jumamosi alasiri watu walisimama hadi barabarani. Chogo alijipa kazi ya kupanga foleni, akiwa amevaa shati la harusi. Mwalimu Ambele alikuja na kiti chake mwenyewe.

Lugano alishuka kwenye bajaji akiwa peke yake, begi moja begani. Alikuwa amekonda na kuota ndevu chache zisizoelewana. Alipita katikati ya makofi akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akipita mbele ya darasa zamani, na jambo hilo dogo lilimuuma Sekela.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Huko Dar hawapiki?"

"Wanapika, Shangazi. Mlaji ndiye hayupo."

Watu wakacheka. Kisha akamgeukia Sekela, na wote wawili wakakosa la kufanya na mikono yao, hadi Lugano akatoa wake, wakasalimiana kama wageni. Alikishika kiganja cha Sekela, akakigeuza, akaangalia ngozi ile ngumu.

"Hii ni nini?"

"Kazi," alisema Sekela, akauondoa.

Lugano alifunga simu yake kwenye kijiti, akaielekeza kwenye kasha la ukutani. Sekela akafungua Reli. Stesheni zikatokea moja baada ya nyingine, zote zinang'aa, kuanzia bondeni hadi miguuni mwa mlima. Maua yalikuwa yamefunga njia za kupita. Treni ndogo ya mizigo ilikuwa inaingia Umeme Umekatika, abiria wakisubiri kwenye mabenchi.

Lugano aliinama karibu na skrini. "Ziko zote," alisema. "Nani aliziwasha?"

"Mimi."

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla ya kufungua."

"Leo?"

"Kila asubuhi, Lugano."

Lugano aliisogeza picha mbele, kupita Baba Karudi, hadi mahali njia ilipokatikia. Hapo palikuwa na rundo la reli na mataruma, yamepangwa pembeni kwa utaratibu aliouacha yeye mwenyewe siku ya mwisho. Zaidi ya hapo kulikuwa na mlima wenye theluji ambao hawakuwahi kuufikia.

"Hukuendeleza," alisema.

"Kutandika reli ilikuwa kazi yako."

Chogo alikohoa. "Jamani, watu wanasubiri huku. Mnaangaliwa na nchi."

Lugano akasimama wima, akafuta uso kwa kiganja, na alipoigeukia simu sauti yake ilikuwa imekuwa ile ya redioni. Aliwasalimu watu. Aliwashukuru wote walioandamana, na yule mama wa Tukuyu, na Chogo, aliyepunga mkono. Akasema kwamba leo kitu kidogo kinarudi mahali pake, na kwamba rafiki aliyejaribu kumpa zamani atampa sasa. "Karibu, Sekela."

Sekela aliandika jina la Lugano kama mpokeaji. Alitambua kwamba kama taa itawaka kijani, kifuniko kitapoa, na kesho asubuhi akimaliza kufuta padi hapatakuwa na kitu cha kuwasha. Alijiambia kwamba hayo ni sawa. Alijiambia tena. Akaweka kiganja.

Joto likapanda. Alihisi mshtuko uleule kutoka kwenye kiwiko, ule mdogo, na akaubana mkono kwa nguvu zake zote, kana kwamba kasha lingeweza kudanganywa kwa nguvu.

Taa nyekundu.

"Makabidhiano hayawezekani," ilisema sauti laini.

Kwa muda hapakuwa na mlio ila wa kasha moja lenye gemu ya mpira lililokuwa limeachwa likicheza peke yake, umati wake wa bandia ukishangilia. Kisha banda likalipuka. "Si niliwaambia," alisema Mwalimu Ambele, akisimama juu ya kiti chake. "Si niliwaambia watu hawa?" Chogo alikuwa anaitukana Sayora na ukoo wake. Huko nje mtu alianza wimbo wa maandamano, na wengine wakaupokea.

Sekela alimwangalia Lugano. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililokuwa baya. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla, kama wa mtu aliyetua mzigo mlangoni akaambiwa nyumba siyo hii. Alivuta pumzi. Akanyoosha shati. Akaishika simu na kuileta karibu na uso.

"Ndugu zangu, mmejionea," alisema. "Wametangaza, wameomba radhi, na bado. Basi nami nawaambia hatujamaliza. Kesho narudi barabarani—"

"Lugano," alisema Sekela.

"—na safari hii hatutasimama hadi—"

"Lugano, zima simu."

"Hapana, Seke. Hili lazima watu walione."

"Basi iache." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kasha, na taa nyekundu ilikuwa inawaka katikati ya vidole. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida yake, na ilibidi walio karibu wanyamaze ili kuisikia, kisha walio nyuma yao, hadi wimbo wa nje ukabaki na mtu mmoja, naye akaacha. "Si kampuni," alisema. "Leo si wao. Siku ile pia hawakuwa wao."

"Unasema nini?"

"Kasha linausoma mkono kama unatoa kwa kupenda. Wangu haukupenda. Nimejua tangu wiki ile uliyoondoka, na nimekuacha unazunguka nchi nzima unawaambia watu nilikuwa na moyo mweupe."

Chogo alifungua mdomo. Shangazi Bupe akamshika mkono wa shati.

Lugano aliishusha simu taratibu. Haikuwa wazi kama alikumbuka kuizima. "Ungeniambia tu," alisema. "Seke. Ungesema hutaki kunipa, ningeelewa. Ni gemu tu."

"Ndiyo. Ni gemu tu."

"Sasa kwa nini?"

Skrini ilikuwa bado inaonyesha mahali njia ilipokatikia, na lile rundo la reli pembeni, na theluji mbali. Sekela alikuwa amelitazama rundo hilo kila asubuhi. Hakuwahi kuligusa.

"Nilidhani ukiikosa, utarudi kuifuata," alisema. "Jumamosi moja utapanda basi, uje tuumalizie ule mlima. Nikawa nawasha taa. Ukaenda kupigana ili upewe, na jinsi ulivyozidi kupigana ndivyo ulivyozidi kuwa mbali, na kila nilipotaka kusema niliona nimechelewa." Aliuondoa mkono wake juu ya kasha. Taa ikazimika. "Nilitaka ubaki, Lugano. Hilo tu. Ulipokuwa mlangoni na begi lako, nilipaswa kusema neno hilo moja, nami nikaliachia kasha linisemee. Nilitaka ubaki."